Nyumba ya mlimani yenye asili ya ghala la shambani

Katika usanifu wa majengo, jina hili hutumika kwa makazi mapya ambayo umbo la paa lake, namna yanavyokaa kwenye mteremko na jinsi kuta zake zinavyounganishwa vimetokana na majengo ambayo wakulima wa milimani walijijengea kwa ajili ya nyasi, nafaka na mifugo. Msanifu huanza kwa kuuliza ghala lile lilifanya kazi gani, kisha huipa nyumba ya leo kazi inayolingana nayo.

Milima ya Alps nchini Uswisi inaieleza dhana hii vizuri. Katika jimbo la Graubünden, ghala la zamani liliegemea mteremko: ng'ombe walilala chini, na nyasi kavu ziliingizwa ghorofa ya juu kutoka upande wa mlima, bila kupandishwa ngazi. Kuta za juu ziliachiwa mianya ili upepo upite na nyasi zisioze. Huko Valais, jimbo jingine la Uswisi, ghala za nafaka ziliinuliwa juu ya nguzo fupi zenye mawe bapa ya mviringo ili panya wasipande, na mwenye kihenge cha miguu huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyumba mpya inayofuata mpango huo huweza kuwa na mlango upande wa juu wa mteremko, sebule juu penye jua, na vyumba vya kulala chini, palipokuwa zizi. Ile mianya hugeuka kuwa mbao zilizopangwa kwa nafasi mbele ya vioo, zikipunguza mwanga mkali unaoakisiwa na theluji. Paa hubaki la pande mbili, na ni busara mlango usikae chini ya ukingo wake, kwa kuwa theluji ikiporomoka itamwangukia anayeingia.

Anayejulikana sana kwa kazi hii ni Gion A. Caminada, msanifu aliyezaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Vrin, Graubünden, na kuanza kama seremala. Kijijini kwake amejenga nyumba na mazizi kwa ufundi ule ule wa kienyeji, ambao boriti hulazwa moja juu ya nyingine na kufungamana pembeni kwa mikato, hata mtu aliye nje huweza kuona ukuta wa chumba cha ndani unaishia wapi. Vrin ilipata Tuzo ya Wakker, ambayo nchini Uswisi hupewa mji au kijiji kinachotunza vizuri urithi wake wa majengo, mwaka 1998.

Mbao kuukuu za ghala zilizogongomewa juu ya ukuta wa zege, kwa maoni yangu, ni pambo tu, kwa sababu hazibebi chochote. Ukuta wa boriti hubeba nyumba, nao huwa na masharti yake: mti ukikauka husinyaa, ukuta mzima hushuka kwa sentimita kadhaa, na fundi asiyeacha nafasi juu ya fremu ya dirisha atakuta kioo kimepasuka.