Jiji la kukalika: tunayoyaamini na yalivyo

"Barabara ikipanuliwa foleni itaisha." Hakuna imani inayokula fedha za miji kama hii. Kule Houston, Marekani, barabara ya Katy ilipanuliwa, kazi ikakamilika mwaka 2008, na sehemu nyingine ikafikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Miaka michache baadaye, safari ya kwenda na kurudi kazini ikawa inachukua muda mrefu zaidi. Njia ikiwa nyepesi, aliyezoea basi anatoa gari, aliyekuwa akiwahi alfajiri anajichelewesha, na mwingine anahamia mbali kwa kuwa anaona atafika. Nafasi inajaa upya. Seoul walikwenda kinyume: mwaka 2003 walianza kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon, na mwaka 2005 wakaufungua mto uliokuwa umefunikwa chini yake. Jiji halikusimama.

Dar es Salaam ilipoanzisha mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilichagua sahihi: kusafirisha watu badala ya magari. Lakini njia maalumu peke yake haitoshi. Mabasi yakiwa machache, abiria wanajazana kituoni huku njia yao ikiwa tupu, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakakopa gari.

Wengine husema waenda kwa miguu ni wachache, ni wale wasio na uwezo tu. Nairobi, zaidi ya theluthi moja ya safari zote ni za miguu. Hata anayepanda daladala au matatu anatembea kwenda kituoni na kutoka kituoni, kwa hiyo karibu kila mkazi ni mwenda kwa miguu kila siku. Angalia sasa anachopewa: mtaro usio na mfuniko, gari limeegeshwa juu ya njia yake, mti pekee wa kivuli umekatwa. Kisha anajengewa daraja la kuvukia, na tunaliita msaada. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni anapanda ngazi zote zile na kushuka upande wa pili ili dereva asikanyage breki. Kwenye barabara ya mjini, taa na kivuko cha usawa wa lami ndivyo vinavyomfaa, na ni nafuu zaidi kujenga.

Kuhusu gharama za kuishi, dhana inayotuumiza ni kwamba pembezoni ndiko nafuu. Kodi au kiwanja huko ni bei ndogo, kweli. Jumlisha sasa bodaboda hadi barabara kuu, daladala mbili, nauli za watoto wa shule, na saa zinazopotelea njiani. Familia nyingi zikipiga hesabu hiyo zitaona unafuu umeishia kwenye nauli.

Na kupanga mitaa si anasa ya matajiri. Sinza, mtaa wa Dar es Salaam, ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: viwanja vidogo, barabara zikatengwa kabla ya nyumba, kisha wananchi wakajenga wenyewe kidogo kidogo. Mpaka leo gari la zimamoto linaweza kupita, na duka, shule na usafiri viko karibu. Kuja kupasua barabara baada ya watu kujenga kunadai fidia na kuvunja nyumba.

Mwisho ni nyumba za umma, zinazodhaniwa lazima zichakae na kubaki za mafukara. Vienna, Austria, imekuwa ikizijenga tangu miaka ya 1920. Leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi kwenye nyumba za jiji au za vyama vya nyumba vinavyowekewa mipaka ya faida, na kipato kinachokubaliwa ni kikubwa kiasi kwamba mwalimu na mfanya usafi wanaweza kuwa majirani. Mwenye nyumba binafsi akijua mpangaji ana pengine pa kwenda, hawezi kirahisi kumdai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo.