Jezi Si Ungamo: Dhana Potofu Kuhusu Waendesha Baiskeli na Matangazo ya Bia

Picha ya mwendesha baiskeli wa kulipwa akiwa na glasi ya bia mkononi haikosi maneno. Mmoja atauliza, "Huyu naye ni mwanamichezo kweli?" Mwingine atajibu kwamba pesa za siku hizi zimeharibu kila kitu. Wa tatu, mjuaji, atasema bia inarudisha nguvu, vinginevyo bingwa asingeitangaza. Wote watatu wamepotea, kila mmoja kwa njia yake.

"Pesa za siku hizi ndizo zimeleta bia kwenye baiskeli"

Mwaka 1963 Mbelgiji Benoni Beheyt alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Timu iliyomlipa mshahara iliitwa Wiel's-Groene Leeuw, na Wiel's ilikuwa bia ya kiwanda cha Wielemans-Ceuppens cha Brussels. Mwaka uliofuata ubingwa ukaenda kwa Mholanzi Jan Janssen, mwajiriwa wa timu ya Pelforth. Hiyo nayo ni bia, ya kaskazini mwa Ufaransa. Miaka miwili mfululizo, jezi ya upinde wa mvua, vazi la bingwa wa dunia, ilivaliwa na mtu anayelishwa na kiwanda cha bia, na hakuna aliyeshika kichwa.

Bia haikuwa peke yake. Mfaransa Jacques Anquetil alishinda Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, za 1962, 1963 na 1964 akiwa na timu ya Saint-Raphaël, kileo cha divai ambacho Wafaransa hunywa kabla ya mlo. Fausto Coppi, ambaye Waitaliano wanamtaja hadi leo kwa sauti ya kanisani, katika miaka yake ya mwishoni aliwahi kuvaa jina la Carpano, kileo cha Torino.

Kwa kweli matangazo ni ya zamani kuliko hata hayo. Tour de France yenyewe ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto ili liuze nakala nyingi zaidi. Jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, ilipoletwa mwaka 1919, rangi yake, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ilifuata karatasi ya njano ya gazeti hilo. Yaani vazi ambalo watu hulililia kwa heshima ya mchezo lilianza likiwa tangazo.

Hapo mwanzo waliolipa timu walikuwa watengenezaji wa baiskeli: Alcyon, Peugeot, Bianchi na wenzao. Mwaka 1930 Henri Desgrange, bosi wa Tour, alichoshwa na ujanja wao akawaondoa, akaleta timu za mataifa. Lakini sasa nani angelipia chakula na malazi ya waendeshaji? Jibu lake likawa msafara wa matangazo: magari ya makampuni yanayotangulia mbele ya mbio yakigawa zawadi kwa umati ulio kando ya barabara. Chokoleti ya Menier ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Msafara huo haujasimama hadi leo, na kuna watoto wanaokuja barabarani kwa ajili yake tu. Baiskeli zikipita, wao wanahesabu pipi.

Nje ya Tour, mambo yalibadilika miaka ya 1950. Watu walianza kununua pikipiki na magari, viwanda vya baiskeli vikaishiwa. Mwaka 1954 Fiorenzo Magni wa Italia alibisha hodi kwa watengenezaji wa krimu ya Nivea na timu yake ikapata jina jipya. Watu walimcheka: wanaume wenye matope hadi masikioni wakitangaza mafuta ya kulainisha ngozi. Mwaka uliofuata Magni akashinda Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, akiwa na jina hilohilo kifuani, na kicheko kikapungua. Huko Ufaransa, Raphaël Géminiani naye alikuwa amefunga mkataba na Saint-Raphaël. Inasimuliwa kwamba waandaaji walipomjia juu, alijitetea kuwa timu inabeba jina lake tu, Raphaël. Neno "Saint", yaani mtakatifu, likaachwa kama utani mzuri wa kisheria.

"Bidhaa isiyohusiana na baiskeli ina kazi gani pale?"

Dhana hii inatoka kwa watu waliozoea viwanja vya mpira. Uwanja una geti, geti lina tiketi. Mbio za baiskeli hupita barabarani, na barabara haina mlango: unatoka nyumbani na kiti chako, unakaa ukingoni, unatazama bure. Haki za televisheni ziko mikononi mwa waandaaji wa mbio. Timu inabaki na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni nafasi kwenye kitambaa.

Ndiyo maana timu ya baiskeli huitwa kwa jina la mdhamini wake. Na ndiyo maana historia ya mchezo huu inasomeka kama orodha ya manunuzi ya nyumbani. Eddy Merckx, ambaye wengi tunamweka juu ya wote, alishinda Tour yake ya kwanza mwaka 1969 akitangaza Faema, mashine za kahawa, kisha akahamia Molteni, watengenezaji wa soseji na salami. Luis Ocaña alishinda Tour ya 1973 na timu ya Bic, kalamu zilezile unazozijua. Felice Gimondi alivaa Salvarani, makabati ya jikoni. Roger De Vlaeminck alivaa Brooklyn, bigijii. KAS, soda ya Hispania, ilidumu miongo kadhaa. Luis Herrera alibeba kahawa ya Kolombia hadi kushinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ya 1987. Karibu zaidi na siku zetu, Bora ni majiko yenye mitambo ya kufyonza moshi, Hansgrohe ni mabomba ya maji, Quick-Step ni sakafu, Soudal ni gundi. Ukikusanya wadhamini wote unajenga nyumba, unaihamia, na kabati la vinywaji halikosi kitu.

Hapa ndipo tofauti inayosahaulika inapoonekana. Mwendeshaji mmoja mmoja hachagui jina la kifuani. Linakuja na ajira. Tangazo la binafsi, ambalo bingwa anasimama mbele ya kamera na chupa mkononi, ni mkataba mwingine kabisa, na ni wachache wanaoupata. Kumuuliza mwendeshaji wa kawaida kwa nini anatangaza bia ni kama kumuuliza dereva wa lori kwa nini gari lake limeandikwa saruji.

"Gitane ni sigara, na Amstel Gold ni dhahabu"

Mawili ya haraka. Jina la Saint-Raphaël-Gitane huwafanya watu waseme Anquetil alitangaza pombe na sigara kwa pamoja. Gitane ya kwenye jezi ilikuwa kampuni ya baiskeli. Sigara ni Gitanes, jambo lingine. Na neno Gold katika Amstel Gold Race, mbio za Uholanzi zilizoanza 30 Aprili 1966, halihusu medali. Ni aina ya bia. Washindi hukabidhiwa glasi kubwa jukwaani na hawahitaji kuambiwa mara mbili.

"Bingwa akiitangaza, maana yake inampa nguvu"

Zamani waendeshaji wenyewe waliamini hivyo. Kanuni za Tour ziliwabana kwenye maji, kwa hiyo wasaidizi wa timu walivamia mikahawa ya njiani wakabeba chochote kilichokuwa baridi, bia ikiwemo, wakaigawa kwa wenzao. Pombe kali nayo ilichukuliwa kama kichangamsho. Tarehe 13 Julai 1967, kwenye joto la Mont Ventoux, Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa. Uchunguzi ulikuta amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, na pombe mwilini mwake.

Mwili haujabadilika tangu wakati huo. Pombe huzuia homoni inayoziamuru figo kuhifadhi maji. Utafiti wa Shirreffs na Maughan wa mwaka 1997 uliwapa watu waliotoka jasho vinywaji vyenye kilevi cha asilimia 0, 1, 2 na 4. Cha asilimia 4, ambacho ni karibu na bia ya kawaida, kiliongeza mkojo na kuchelewesha mwili kurudisha maji yake. Vile hafifu havikuleta tofauti kubwa.

Bia isiyo na kilevi ina hoja bora kidogo. Watafiti wa Munich waliwafuatilia wanaume 277 waliokimbia marathoni ya mji huo mwaka 2009. Walioinywa kila siku, wiki tatu kabla na wiki mbili baada, walikuwa na uvimbe mdogo wa ndani na mafua machache kuliko waliopewa kinywaji cha kufananishia. Sifa ilihusishwa na kemikali za mimea zilizomo. Sehemu ya fedha za utafiti ilitoka kwa watengenezaji wa bia ya Erdinger. Hilo halifuti matokeo, ila ni vizuri kulijua kabla hujaagiza kreti.

"Basi bia isiyo na kilevi ni mdhamini asiyekosea"

Muulize Buckler. Hii ilikuwa bia isiyo na kilevi ya Heineken, na mwaka 1990 jina lake liliwekwa kwenye jezi za timu ya Uholanzi iliyoongozwa na Jan Raas. Barabarani timu ilifanya vizuri sana. Mwaka 1991 Edwig Van Hooydonck alishinda Tour of Flanders, mbio maarufu za Ubelgiji, na Frans Maassen akashinda Amstel Gold Race. Tazama kichekesho hicho: mtangazaji wa bia isiyolevya anashinda mbio za bia inayolevya, na viwanda vyote viwili ni mali ya tajiri mmoja, maana Heineken ilikuwa imeinunua Amstel tangu 1968.

Lakini usiku wa mwisho wa mwaka 1989, kabla jezi hizo hazijaingia barabarani, mchekeshaji Youp van 't Hek alikuwa amewakejeli wanywaji wa Buckler kwenye televisheni ya taifa. Nchi nzima ilicheka. Kuagiza Buckler baa kukawa aibu, mauzo yakaporomoka, na mwaka 1993 bia hiyo ikaondolewa kwenye soko la Uholanzi. Hata timu yenye ushindi haikuweza kuipiku jioni moja ya utani.

"Sheria zimekataza vileo vyote"

Inategemea uko wapi na kinywaji kina makali gani. Kanuni za UCI, shirikisho la mchezo huu duniani, zinakataza tumbaku, ponografia na pombe kali, na pombe kali wameitafsiri kuwa ile yenye kilevi cha asilimia 15 na kuendelea. Bia na divai nyingi zinapita chini ya kamba hiyo. Ufaransa ni nchi nyingine: sheria ya Évin ya 10 Januari 1991 ilifunga mlango kwa vileo kudhamini michezo, kwa hiyo Pelforth ya leo isingeweza kuwa na timu nyumbani kwao.

Italia divai ya povu bado iko jukwaani, na Biniam Girmay wa Eritrea anaijua vizuri. Tarehe 17 Mei 2022 alishinda hatua ya Giro mjini Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio kubwa za wiki tatu, akafungua chupa ya kusherehekea, kizibo kikamruka jichoni. Kesho yake hakuanza.

"Tangazo ni ushahidi, na mdhamini ni ndugu"

Alpecin, shampuu ya kafeini, imewekwa kwenye jezi za kina John Degenkolb na Mathieu van der Poel. Miguu yao haina ubishi. Mwaka 2018 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilisema dai kwamba shampuu hiyo inapunguza kukatika kwa nywele halijathibitishwa. (Kwa Kijerumani iliwahi kutangazwa kama "doping ya nywele"; doping ni matumizi ya dawa haramu za kuongeza nguvu. Katika mchezo huu!)

Kuhusu undugu, mwendesha baiskeli Mmarekani Lance Armstrong alisaini na bia ya Michelob Ultra mwaka 2009. Bia ya kalori 95, mwanamume aliyekonda kwa mazoezi; ilipendeza. Tarehe 17 Oktoba 2012, wiki moja baada ya ripoti ya doping iliyomhusu, Anheuser-Busch, wenye bia hiyo, ilitangaza kuwa haitaendelea naye, siku ileile na Nike. Mfuko wake wa saratani waliuendelezea msaada.

Siku mbili baadaye benki ya Rabobank nayo ikaaga mchezo. Timu iliyoachwa ilikuwa ileile ya Buckler: baada ya bia kuondoka ilibeba jina la WordPerfect, programu ya kuandikia, kisha Novell, kisha benki hiyo kwa misimu 17. Msimu wa 2013 ulipoanza, hapakuwa na jina la kuweka. Wakajiita Blanco, yaani tupu, wakashindana hivyo hadi kampuni ya chaja na nyaya, Belkin, ilipotokea kabla tu ya Tour de France.