Mtoto Anapojenga kwa Mbao: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Anacheza tu, hajifunzi kitu."

Hii ndiyo inayosikika sana, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa mtoto huondolewa kwenye mbao zake akakabidhiwa penseli kabla vidole havijakomaa. Kaa chini umtazame wa miaka minne akijenga daraja. Kasimamisha vipande viwili, anaweka cha tatu juu, hakifiki. Anakigeuza, bado. Kisha anasogeza nguzo moja karibu na nyingine, na kipande kinakaa. Amepima umbali bila rula. Kirefu kikikosekana, akapanga vifupi viwili pale ambapo kingekaa kimoja, tayari ameshika nusu na nzima kwa mikono yake.

Na hilo halikuja kwa bahati. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua kituo cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, ambacho ndicho kilichozaa chekechea, aliwapa watoto mchemraba uliogawanyika kuwa michemraba midogo 8. Baadaye Caroline Pratt, mwalimu wa New York, alibuni matofali ya mbao yenye uwiano maalumu: vipande viwili vifupi ni sawa na kimoja cha kawaida, na viwili vya kawaida ni sawa na kirefu kimoja. Hesabu imo ndani ya mbao zenyewe.

"Akiangusha, anaharibu."

Mtoto huangusha kabla hajajua kujenga. Wa mwaka mmoja hufurahia mnara uliojengwa na dada yake uporomoke, na hapo anajifunza kwamba mkono wake unasababisha jambo. Watoto wengi hufikia miezi 18 wakiweza kupandanisha vipande vitatu au vinne, na kwenye miaka miwili kama sita hivi. Jengo la mtu mwingine lisiguswe bila ruhusa. Lake mwenyewe, mwache.

"Ni mchezo wa wavulana."

Si kweli. Uwezo wa kuelewa maumbo na nafasi hukua kwa mazoezi, na binti asiyepewa mbao ananyimwa mazoezi hayo.

"Lazima umwonyeshe namna ya kujenga."

Ukimjengea wewe, anabaki mtazamaji. Kaa karibu, uliza: "Umefanyaje hadi mnara haukuanguka?" Taja unachokiona: kirefu kiko chini, kifupi kiko katikati, hiki kimeegemea kile. Maneno ya namna hii mtoto huyashika upesi, kwa sababu kitu chenyewe anacho mkononi.

"Bila vifaa vya dukani haiwezekani."

Nenda kwa fundi seremala, umwombe mabaki ya mbao. Mwambie akate vyote kwa upana na unene uleule, vingine viwe na urefu mara mbili ya vingine. Uwiano huo una faida kuliko rangi zinazong'aa. Piga msasa kingo zote hadi kiganja kikipita hakikwaruziki. Ongeza makopo ya maziwa yasiyo na ncha kali na maboksi ya viatu. Kwa walio chini ya miaka mitatu, kipande kinachoweza kupita ndani ya bomba la kadibodi linalozungushiwa karatasi ya chooni ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa au zenye misumari zibaki kwa fundi, hata kama ni za bure.