Matabaka ya kijamii: nani yuko juu, nani yuko chini, na imekuwaje

Ingia kwenye kikao chochote cha kazini ambacho humjui mtu hata mmoja, kaa kimya dakika kumi tu, utamjua bosi bila kuambiwa. Ni yule akichelewa anasubiriwa, akitoa utani hata kama hauchekeshi watu wanacheka, akifungua mdomo hakuna wa kumkatiza. Halafu kuna yule dada anayeandika muhtasari, anatoa wazo zuri tu na hakuna hata anayegeuka, baada ya dakika tano mwenye cheo analirudia lile lile na wote wanaitikia kwa vichwa, point nzuri mkuu. Hakuna sheria iliyobandikwa ukutani inayosema wafanye hivyo, ila kila mtu anajua nafasi yake.

Hiyo ndo maana yenyewe kwa ufupi. Matabaka ya kijamii ni ile hali ya jamii kuwapanga watu wake juu na chini, na huo mpangilio ukawa ndo unaoamua nani apate nini: mali, madaraka, heshima, hata nani asikilizwe. Hapo kwenye kuamua ndo pa kushika, maana wengi wanachanganya, tofauti peke yake sio tabaka. Wewe mrefu mimi mfupi, basi, imeishia hapo. Ila siku warefu wakianza kupewa kazi nzuri na kuaminiwa zaidi mahakamani, na watoto wao wakakuta nafasi imeshawekwa, hapo tayari urefu umekuwa tabaka.

Na sio hela tu jamani. Karl Marx, mwanafikra wa Kijerumani wa karne ya 19, aliangalia zaidi nani anamiliki viwanda na ardhi na nani hana cha kuuza zaidi ya nguvu zake, na kweli ukiliangalia hilo unaelewa mengi. Ila Max Weber, Mjerumani mwenzake aliyekuja baadaye, akasema ngoja, ngazi ziko zaidi ya moja: kuna uchumi, kuna hadhi, na kuna nguvu ya kisiasa, na hizi zinaweza zisiende pamoja. Unakuta mtu ana hela za kumwaga lakini watu wanamsema pembeni kwa vile wanajua alivyozipata, na kuna mwalimu mstaafu hana kitu mfukoni ila akiingilia ugomvi unaisha. Huyo wa kwanza yuko juu ngazi moja na chini ngazi nyingine, na mara nyingi hapo ndo utamkuta anahangaika kununua heshima.

Swali lingine ni unapandaje. Kuna nafasi ya kujitafutia kwa kusoma au biashara, na kuna ya kuzaliwa nayo. Mfano unaotajwa sana wa kuzaliwa nayo ni India, kule kuna Brahmin (makuhani) juu, chini yao Kshatriya (wapiganaji na watawala), Vaishya (wafanyabiashara na wakulima), Shudra (watumishi na vibarua), na nje kabisa ya ngazi ndo Dalit, ambao hata kuwagusa kulihesabika najisi. Katiba ya 1950 ikapiga marufuku hiyo habari ya kutogusika, lakini hadi leo kwenye matangazo ya kutafuta mchumba utakuta watu wanataja tabaka. Sheria inabadilika siku moja, mazoea yanabaki nyumbani.

Afrika Kusini mwaka huo huo wa 1950 ilitunga sheria ya kumsajili kila mtu kwa rangi yake, na penye utata unajua walikuwa wanapimaje? Penseli. Unachomekwa penseli kwenye nywele, ikidondoka unaweza kupita kama mzungu, ikikwama basi tena, ndo maana kuna ndugu wa tumbo moja walijikuta kwenye makundi mawili. Shule utakayosoma, mtaa utakaoishi, utakayemuoa, vyote vikategemea nywele.

Wapo wanaosema matabaka yana faida, kwamba kazi muhimu lazima zilipwe zaidi ili wenye uwezo wazikimbilie. Mimi hii haijawahi kuniingia, maana wazoa taka wakigoma wiki mbili jiji linanuka lote na bado wanalipwa chini kabisa.

Wengine wanakuambia ni asili, hata kuku wana ngazi ya kudonoana, jambo ambalo Mnorwe mmoja, Schjelderup-Ebbe, alilichunguza na kuliandika miaka ya 1920 mwanzoni. Sawa, ila binadamu wana ujanja ambao kuku hawana. Kwa Ju/'hoansi wa jangwa la Kalahari, wawindaji wa asili, mtu akiua mnyama mkubwa wenzake wanamponda makusudi, yaani umetutembeza kote huku kwa ajili ya mifupa hii, ili asije akajiona mkubwa wao. Na mwindaji mwenyewe anaijua staili, akirudi kambini anakaa kimya, akiulizwa anasema aah sijaona kitu cha maana, labda kadogo tu, na wenzake wanajua hapo kaua kitu kikubwa, kesho wakabebe nyama.