Je, wajua kwa nini spika za nyuma hunyamaza ukiziunganisha na laptopu ya Linux?

Umenunua seti ya 5.1: spika mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya katikati, na wufa ya kukaa sakafuni. Unachomeka waya kwenye laptopu, unafungua filamu, na sauti inatoka mbele tu. Nyuma ya kochi ni kimya. Kama laptopu yako inatumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, karibu kila utakayemuuliza atakwambia kwamba Linux haina draiva ya kadi yako ya sauti, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi hiyo.

Hata mimi niliamini hivyo, tena kwa mwezi mzima. Seti yangu niliinunua mtumba pale Kibuye, hapa Kisumu, na kila jioni nikitoka kazini nilikaa kutafuta draiva. Nilibadilisha toleo la Linux. Niliondoa PulseAudio, ile programu inayokusanya sauti za programu nyingine zote na kuzipeleka kwenye kadi, nikaweka PipeWire iliyokuja kuchukua nafasi yake. Matokeo yalikuwa yale yale.

Aliyenifungua macho ni fundi wa redio mwenye kibanda Kondele, mzee ambaye hata hakuuliza laptopu inatumia programu gani. Aliishika plagi yangu, akaipangusa kwa shati, akanirudishia.

"Omera, hesabu vyuma."

"Vitatu, mzee."

"Na spika ni ngapi?"

Hebu chukua plagi ya milimita 3.5 uitazame kwa karibu. Utaona pete nyembamba za plastiki, mara nyingi nyeusi, zinazotenganisha vipande vya chuma. Plagi ya spika ina pete mbili, hivyo vipande vitatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, kipande cha kati hubeba ya kulia, na shina ni njia ya umeme kurudi. Plagi ya hedifoni za simu ina pete tatu na vipande vinne, lakini hicho cha nne ni cha maikrofoni. Uichomeke utakavyo, tundu la hedifoni hutoa njia mbili za sauti, au chaneli mbili kama wasemavyo mafundi.

Seti ya 5.1 inataka njia sita. Ndiyo sababu waya wake huja na plagi tatu: ya kijani kwa spika za mbele, nyeusi kwa za nyuma, na ya rangi ya chungwa kwa ile ya katikati pamoja na wufa. Mbili mara tatu, sita. Laptopu yangu ina tundu moja tu. Plagi nyeusi na ya chungwa zilikuwa zimening'inia nyuma ya meza muda wote huo, wala hakuna draiva duniani ambayo ingezifikishia sauti.

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu imani ya draiva ni ngumu kung'oka, na ina mizizi ya kweli. Fedora ilipoanza kutumia PulseAudio mwaka 2007, na Ubuntu mwaka 2008, watu wengi walikatikiwa na sauti, na sifa hiyo mbaya haijafutika. Tena, chipu nyingi za sauti zina uwezo wa kutoa njia sita au nane. Mtengenezaji wa laptopu huiweka chipu hiyo, kisha anaunganisha miguu miwili tu na tundu la nje. Mingine inabaki haielekei popote. Kwa hiyo unaweza kusoma sifa za chipu yako, ukaona 7.1, yaani njia nane, ukashawishika kwamba ni Linux inayokunyima haki yako. Rafiki yangu alinihakikishia kwamba Windows ingezitoa sauti zote sita. Tulijaribu na laptopu yake, yenye tundu moja kama langu. Nyuma kimya vilevile.

Wengine hununua kigawanyio, ule waya wenye mdomo mmoja na matundu mawili au matatu, wakachomeka plagi zote. Spika zote zinaanza kulia, na mtu anaridhika. Lakini hapo ni kama mkulima wa mpunga kule Ahero anayemwagilia vijaruba sita kutoka kwenye mifereji miwili: maji yatafika kote, ila ni maji ya mifereji ile ile miwili. Mtu akizungumza kwenye filamu, atasikika mbele yako na kisogoni pako kwa pamoja.

Sasa, kuna jambo linaloonekana kupinga haya yote, nami nalipenda sana. Zipo seti zinazopokea nyaya mbili tu na bado spika za nyuma zinatoa sauti tofauti na za mbele. Inawezekanaje?

Fikiria baraza la chifu. Mashahidi wawili wamesimama, mmoja kushoto na mwingine kulia, na karani anaandika. Maneno ambayo wote wawili wameyasema sawasawa, karani anayaweka katikati ya ukurasa. Aliyoyasema wa kushoto peke yake, anayaweka kushoto. Ya wa kulia, kulia. Na pale wanapopingana kabisa, huyu akisema ndiyo papo hapo yule akisema siyo, karani anageuza karatasi na kuandika nyuma. Mashahidi ni wawili, lakini ushahidi umegawanyika sehemu nne.

Dekoda ya sauti hufanya kazi ya karani huyo. Ikijumlisha waya wa kushoto na wa kulia, inapata yale wanayokubaliana, yanakwenda spika ya katikati. Ikitoa mmoja kutoka kwa mwingine, yaliyo sawa yanafutana na kubaki tofauti tu, ambayo inapelekwa nyuma. Kupingana hapa kuna maana halisi: ngozi ya spika moja inasukuma hewa mbele wakati ya pili inairudisha. Kampuni ya Dolby ilitumia hila hii kwenye majumba ya sinema tangu miaka ya 1970, na mwaka 1982 ikaingia majumbani.

PipeWire nayo ina karani wa aina hiyo, na huichelewesha sauti ya nyuma kwa milisekunde 12 kama hujabadilisha mpangilio. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo hizo ni kama mita nne za ziada. Sikio linadanganyika kwamba sauti imetoka mbali zaidi. Ukitaka kumsikia karani akiwa kazini, piga wimbo wa benga kisha uweke sikio kwenye spika ya nyuma. Mara nyingi sauti ya mwimbaji hufifia, maana huwa imerekodiwa sawa pande zote mbili, na unabaki na mwangwi na gitaa lililoegemezwa upande mmoja.

Hata hivyo karani anakisia. Mvua au kelele za mashabiki uwanjani zinaweza kurushwa nyuma ingawa mwenye filamu hakukusudia. Na karani wa PipeWire hasaidii chochote kama kompyuta yenyewe haina njia sita za kutokea, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye matundu.

Njia hizo zinapatikana wapi? HDMI, ule waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, inaweza kubeba njia nane, na ukiwa na amplifaya yenye tundu la HDMI, kazi imekwisha. Ukipitishia televisheni, angalia: nyingi zikitoa sauti kwa tundu la hedifoni zinatoa njia mbili tu. Bluetooth ya kawaida ya kusikilizia muziki haisaidii, nayo ni njia mbili. Mimi nilichukua kadi ya sauti ya USB yenye matundu matatu ya kutolea sauti. Usidanganywe na vile vidude vidogo vya USB vilivyoandikwa 7.1 kwenye boksi huku vina tundu la hedifoni na la maikrofoni tu. Hesabu matundu kabla ya kutoa pesa. Kadi yangu Linux iliitambua nilipoichomeka tu, bila draiva ya kutafuta. Nilifungua programu ya pavucontrol, kwenye mipangilio ya kadi nikachagua 5.1 badala ya stereo, kisha kwenye dirisha la amri nikaandika:

speaker-test -c 6 -t wav

Sauti ya mwanamke inaitaja kila spika kwa zamu, kwa Kiingereza. Nilipoisikia mara ya kwanza kutoka nyuma ya kochi nilisimama.

Ila ilikuwa inataja spika ya katikati. ALSA, sehemu ya Linux inayozungumza na kadi, kwa desturi hupanga mbele mbili, nyuma mbili, halafu katikati na wufa. Faili za sauti za WAV hupanga mbele mbili, katikati, wufa, kisha nyuma mbili. Mahali fulani mipangilio hii miwili ikigongana, mazungumzo ya filamu huhamia kisogoni. Kwangu ilitosha kubadilishana plagi nyeusi na ya chungwa. Lakini kama ni spika ya katikati na wufa zilizobadilishana, kuhamisha plagi hakutafaa kitu, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya plagi moja ya chungwa, moja kwenye ncha na nyingine kwenye kipande cha kati. Hapo ndipo unaporudi kwenye programu, ukabadilishe mpangilio wa chaneli.