Usimuulize dalali peke yake

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kitu ambacho hakikuwasaidia. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari, na kila kidato cha tatu walipoanza kuperuzi mtandaoni niliwagawia karatasi ya maswali kumi ya kupima kama tovuti inaaminika. Tovuti ina jina la mwandishi? Ina tarehe? Lugha yake haina makosa? Anwani yake inaishia na .org? Mwanafunzi anaweka vema, anajumlisha, anaamua.

Karatasi ile iliniumbua siku binti mmoja aliponiletea makala ya dawa ya mitishamba inayoponya kisukari kwa siku 14. Daktari alikuwepo, na koti lake jeupe. Tarehe ilikuwa ya wiki ileile, Kiswahili kimenyooka, anwani .org. "Madam, imepata kumi kwa kumi," akaniambia. Alitaka kumsomea bibi yake, aache sindano. Sikuwa na la kumjibu, kwa maana maelekezo aliyofuata yalikuwa yangu.

Mwenye tovuti ya uongo anayajua maswali yale kuliko mwanafunzi. Anwani ya .org inauzwa kwa yeyote mwenye kulipia, si kama .go.tz, ambayo ni ya taasisi za serikali.

Kilichonibadilisha ni utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotoka 2017. Waliwatazama watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford na wahakiki wa habari 10. Walipewa, kati ya nyingine, kurasa mbili. Mmoja wa American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto Marekani kilichoanzishwa 1930. Wa pili wa American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga 2002 kwa kupinga wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Majina yanakaribiana, na kurasa zote mbili zinapendeza. Wasomi wengi walibaki mulemule ndani, wakipima nembo na mpangilio, na wengi wakadanganyika. Wahakiki waliusoma ukurasa kidogo tu wakauacha, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuona wengine wanasema nini kuhusu chama kile.

Mtaani jambo hili tunalijua. Anayenunua kiwanja hamuulizi dalali peke yake. Anapita kwa majirani, anafika ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa hiyo karatasi nimeitupa. Sasa naanza na picha ya papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika, picha iliyozunguka Puerto Rico 2011 na tena Houston 2017. Wanafunzi huinamia simu yangu wakibishana juu ya kivuli na pezi. Nawaacha wabishane, kisha tunaiingiza picha kwenye Google Lens, huduma ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Anatokea papa yuleyule, mkao uleule, ila yuko baharini Afrika Kusini, nyuma ya mtumbwi wa kayaki, kwenye picha ya Thomas Peschak iliyochapishwa 2005. Kazi nzima haimalizi hata MB chache za bando.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada, na hapa ndipo ninapotumia vipindi vingi zaidi. Ukitafuta jambo la afya, unapata blogu kumi zinazosema kitu kimoja, na mwanafunzi anahesabu mashahidi kumi. Nawaambia wachukue sentensi moja ndefu, waitafute ilivyo. Ikitokea vilevile kwenye blogu zote, hadi kosa la tahajia, basi shahidi ni mmoja aliyenakiliwa. Hapo nawapeleka PesaCheck au JamiiCheck, wanaohakiki habari. Hata Wikipedia, niliyoikataza zamani na sasa najutia, ni pazuri pa kujua tovuti ni ya nani, mradi mtu ashuke hadi kwenye marejeo kule chini.

Yule binti nilimwita siku ya pili. Tukaitafuta picha ya daktari wake. Ilitokea kwenye kurasa nyingi za matangazo: hapa anauza dawa ya viungo, pale ya macho, kila mahali na jina jingine. Aliitazama simu kimya, kisha akaomba ruhusa ampigie bibi yake.