Laini haibebi meseji: dhana potofu kuhusu kuhamia simu mpya na kuapudeti

Kwenye maduka ya simu ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuhama simu huchukua dakika tano. Mteja analipa, muuzaji anachomoa laini kwenye simu ya zamani, anaipachika kwenye mpya, anapiga namba moja kujaribu, kazi imekwisha. Simu ya zamani anapewa mdogo mtu, au inauzwa hapohapo kuongezea hela. Usiku mwenye simu anafungua WhatsApp anakuta peupe. Oda za dagaa hazipo, picha za risiti hazipo, sauti alizotumiwa na mzazi ambaye sasa ni marehemu hazipo. Lawama zinaanza: simu ni feki, mtandao umefuta, apudeti (toleo jipya la mfumo wa simu) ya jana ndiyo imeharibu.

Mara nyingi hakuna kati ya hivyo kilichofuta kitu. Inaniuma kuona watu wanaiogopa apudeti, ambayo haigusi meseji zao, huku wanamkabidhi mtu simu ya zamani airiseti, yaani afute kila kilichomo, kabla hawajahakikisha wamehamisha chochote. Hofu imekaa pasipo pake, na hasara inaingilia mlango ambao hakuna anayeulinda.

"Nikihamisha laini, nimehamisha kila kitu"

Kazi kubwa ya laini ni kuutambulisha mtandao kwamba wewe ndiye mwenye namba fulani. Ina nafasi kidogo ya kuhifadhi: laini nyingi hubeba majina kama 250, tena kwa ufupi, jina moja na namba moja, na meseji za kawaida chache tu. Enzi za simu za vitufe tulizoea kuhifadhi majina kwenye laini, ndiyo maana imani hii ina mizizi. Simu janja hazifanyi hivyo. Meseji inayoingia leo inakaa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, na ukichomoa laini inabaki ilipo.

Kwa wakala wa fedha au mama anayepeleka dagaa Kasulu na Kibondo, hili si jambo dogo. Meseji ya muamala, yenye namba ya kumbukumbu, jina la aliyetuma na saa, ndiyo ushahidi wake siku mteja anapokana kwamba alipokea mzigo.

Hapohapo kuna hofu nyingine isiyo na sababu. Wapo wanaotoa pesa yote kwa wakala kabla ya kubadili simu, wakidhani salio linakaa ndani ya kifaa. Salio lako la M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa liko kwenye kumbukumbu za kampuni, limefungwa na namba yako na namba ya siri. Ukiweka laini kwenye simu nyingine utalikuta kama ulivyoliacha. Kulitoa lote ni kulipa makato bure.

Ili meseji za kawaida zihame, simu nyingi za Android zina njia mbili. Ya kwanza ni kuziunganisha simu mbili kwa waya au kwa Wi-Fi pale unapoiwasha mpya kwa mara ya kwanza. Ya pili ni bakapu, yaani nakala ya akiba, ya akaunti ya Google, inayobeba meseji, majina na orodha ya simu zilizopigwa. Angalizo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: swali la kurudisha bakapu huulizwa wakati wa kuiandaa simu mara ya kwanza. Ukibonyeza "ruka" kwa haraka ya kutaka kuiona simu, kwa kawaida utalazimika kuiriseti ile mpya ili uulizwe tena. Na ukiiacha simu ya zamani kabatini bila kuitumia siku 57, Google inaweza kuifuta bakapu yake.

"WhatsApp iko intaneti, nitazikuta tu"

Hii ndiyo inayowaliza wengi, na naelewa ilikotoka. Ukiingia Telegram kwenye simu mpya, mazungumzo yako yanatokea yenyewe, isipokuwa yale ya siri, kwa sababu Telegram huyahifadhi kwenye mitambo yake. Facebook nayo ukiingia unakuta mambo yako. Mtu anahitimisha kwamba WhatsApp ni hivyohivyo.

Si hivyo. Ujumbe wa WhatsApp ukishafika kwenye simu uliyotumwa, mitambo ya kampuni huufuta. Usipofika, hushikiliwa hadi siku 30 kisha hutupwa. Kinachobaki kiko kwenye simu yako na ya mwenzako. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kibirizi aliyepatana bei na mteja wa Kalemie au Bujumbura kwa sauti na picha, rekodi yake ya biashara iko ndani ya simu ile aliyoiuza. Anachoweza kufanya baada ya hapo ni kumwomba mteja wa ng'ambo ya ziwa amrushie upya, kama naye hajafuta.

Njia rahisi kuliko zote, na ambayo watu wachache sana wanaijua, ilianza mwaka 2023: kuhamisha moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Simu zote mbili ziwe karibu, zimewashwa Wi-Fi, namba iwe ileile, na zote ziwe Android au zote iPhone. Kwenye ya zamani ingia Mipangilio, sehemu ya gumzo, chagua kuhamisha. Kwenye mpya weka WhatsApp, thibitisha namba, kubali kuhamisha kutoka simu ya zamani, na mchoro wa vimraba (QR) utatokea; uskani kwa kamera ya simu ya zamani. Mazungumzo, picha na sauti vinapita hewani kati ya simu hizo mbili bila kupitia Google na bila kukulia bando, ukiacha data kidogo ya kujisajili. Kwa mtu mwenye video nyingi za harusi na vikao vya ukoo, hilo peke yake ni ukombozi. Kutoka Android kwenda iPhone, au kinyume chake, inawezekana pia, ila utaratibu wake ni mwingine na mara nyingi unataka simu mpya iwe haijaandaliwa au imerisetiwa.

Njia ya pili ni bakapu, na yenyewe ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza: inadai namba ileile na akaunti ileile ya Google. Wa pili: kila bakapu mpya inafunika ya zamani. Mtu anaruka swali la kurudisha, anaanza kuchati upya, usiku WhatsApp inatengeneza bakapu mpya yenye meseji sita, ile ya miaka minne inafunikwa. Ukigundua umeruka, usisubiri kesho. Ifute programu palepale, uiweke tena, na safari hii ukubali. Wa tatu: tangu mwaka 2024 bakapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, pamoja na picha na barua pepe. Nafasi ikijaa, bakapu inasimama. Ingia uone tarehe ya mwisho. Kama inasoma miezi mingi iliyopita, huna bakapu ya kutegemea, kwa sababu isiyosasishwa kwa zaidi ya miezi mitano inaweza kufutwa kabisa.

Waliowasha ulinzi wa nenosiri kwenye bakapu waliandike mahali. Likipotea, si Google wala WhatsApp wenyewe wanaoweza kuifungua.

Na wenye GB WhatsApp? Hiyo si ya kampuni yenyewe. WhatsApp hawatambui programu hizo zilizochakachuliwa, wanafungia akaunti zinazozitumia, na hawana utaratibu rasmi wa kukuhamishia mazungumzo kutoka huko.

"Usiapudeti, utafuta vitu vyako"

Nimeisikia stendi, sokoni na hata ofisini, na nadhani najua chanzo chake. Simu ikisumbua inapelekwa kwa fundi. Fundi anasema "ngoja niiapudeti," anaichomeka kwenye kompyuta, na inarudi ikiwa safi kama siku iliyotoka kwenye boksi. Alichofanya ni kuiflashi. Kuflashi ni kuimiminia simu mfumo upya, na kwa kawaida humaliza kila kilichokuwemo. Mwenye simu anaondoka akiamini apudeti ndiyo iliyofuta.

Apudeti ya kweli, inayokuja kwenye Mipangilio ya simu yako, hubadilisha sehemu ya mfumo na kuacha meseji, picha na programu zako mahali pake. Kwenye Android nyingi za sasa, kwa utaratibu ulioanza na Android 7 mwaka 2016, mfumo mpya huandikwa kwenye nafasi ya akiba huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Simu ikishindwa kuwaka na mpya, inarudi kwenye wa zamani. Hata hivyo simu iwe na chaji ya kutosha, na bakapu ifanyike kwanza, maana kifaa chochote kinaweza kuharibika katikati ya kazi na Kigoma umeme tunaujua.

Simu mpya ndiyo yenye haja ya apudeti kuliko watu wanavyofikiri. Imekaa kiwandani, melini, ghalani Dar es Salaam, ikapanda basi au treni hadi huku. Mfumo wake unaweza kuwa wa miezi mingi nyuma, na mianya iliyokwisha kuzibwa kwingine bado iko wazi kwako. Kwenye iPhone kuna sababu ya ziada: bakapu iliyotengenezwa na mfumo mpya haikubali kurudi kwenye simu yenye mfumo wa nyuma zaidi. Kwa hiyo apudeti itangulie, kuhamisha kufuate.

"Apudeti ni ujanja wa kampuni kuua simu za zamani"

Hapa sitamcheka mtu, kwa sababu pana tukio lililoipa nguvu dhana hii. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba mfumo wao ulikuwa unapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Hawakuwa wamewaeleza wateja waziwazi. Waliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29 mwaka uliofuata. Watu walikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kila apudeti inakuja kuua simu ni mbali. Siku moja au mbili baada ya apudeti kubwa, simu huwa inapanga upya programu zake; inapata moto, chaji inashuka haraka, kisha inatulia. Kinachosumbua simu nyingi za bei nafuu ni hifadhi iliyojaa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo. Na tatizo kubwa la simu hizo ni kinyume cha tunachoogopa: apudeti zenyewe ni chache au hukoma mapema. Samsung Galaxy S24 na Google Pixel 8 ziliahidiwa miaka saba. Simu nyingi za bei ya chini hazikaribii hapo. Ukiwa dukani, kabla hujavutiwa na kamera, fungua Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome tarehe ya kiraka cha usalama, yaani apudeti ndogo ya kuziba mianya. Tarehe ikiwa ya zamani sana na simu haioni apudeti mpya, jua unachonunua.

Bando nalo ni kweli linaliwa. Kiraka cha kila mwezi kinaweza kufika mamia ya MB, toleo jipya zima linafika GB kadhaa. Seti simu ipakue kwa Wi-Fi tu, ukaifanye kazini au kwa jirani mwenye intaneti.

Ila apudeti haiji kwa linki ya WhatsApp wala kwa tangazo linalowaka kwenye kivinjari likisema simu yako ina virusi. Wala hakuna mfanyakazi wa kweli atakayekupigia kuomba zile tarakimu sita za kuthibitisha namba. Ukimtajia, WhatsApp yako inahamia kwake. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040, namba ya bure iliyowekwa kwa kazi hiyo.

"Jimeili anajua fundi"

Hii nimeiweka mwisho lakini kwangu ndiyo nzito zaidi. Wazazi wetu Ujiji na Gungu wengi walifunguliwa akaunti ya Google, yaani jimeili (Gmail), na kijana wa dukani, kwa jina alilobuni na nenosiri analolijua yeye. Miaka mitatu inapita. Majina yote na bakapu yote ya mama iko kwenye akaunti ambayo mama hawezi kuingia, na kijana keshahamia Mwanza. Akipata simu mpya anafunguliwa nyingine, na ya kwanza inapotea na vyote vilivyomo.

Tena kuna kufuli. Tangu Android 5.1, simu ikirisetiwa kwa njia za kificho, si kupitia Mipangilio, bila kuondoa akaunti, inadai akaunti ileile iliyokuwemo kabla haijafunguka. Ndiyo ile "simu imefungwa jimeili" inayowasumbua wanaonunua mtumba.

Kwa hiyo kaa na mama wakati simu ya zamani bado iko mkononi. Fungua Mipangilio, sehemu ya akaunti, msome jina la jimeili liandikwe kwenye daftari. Maadamu simu hiyo bado imeingia kwenye akaunti, kubadili nenosiri kwa kutumia namba ya siri ya kufungulia skrini huwa kunawezekana. Badilini, alichague yeye, mwongeze na namba yake ya simu kwa ajili ya kurejesha akaunti. Kisha hamisheni. Mpeni wiki moja ya kutumia simu mpya, afungue mazungumzo ya zamani, asikilize sauti, aangalie kama meseji za miamala zipo. Akiridhika, ondoeni akaunti kwenye ile ya zamani, muiriseti kupitia Mipangilio, mtoe na kadi ya kumbukumbu, ndipo mdogo mtu apewe.